Dakika Kumi na Moja Mbele

Alhamisi, 4 Juni

Dada,

Kuna mlio mmoja haujanitoka masikioni tangu jana. Ni kengele ya mashine ya mgonjwa: milio mitatu mifupi na mmoja mrefu, kama mtu aliyegonga mlango halafu akauegemea. Nilikuwa chini ya meza katika chumba cha skrini, nabadilisha waya, ilipolia juu ya kichwa changu. Mama Skrini, yule muuguzi anayekaa humo kutwa akiangalia mioyo ya wagonjwa wa vituo vyetu vyote, akasema kwa sauti, "Kituo cha mlimani, kitanda cha nne," akanyanyua simu. Akapokea muuguzi mwenzako, wodini kwenu. Nilimsikia akicheka hadi nilipokuwa.

"Kitanda cha nne yuko bafuni anaimba! Kavua nyaya zote, anasema zinamwasha."

Tukacheka sote. Hata mimi, chini ya meza.

Nilipoinuka nikaitazama skrini. Kila kengele huja na saa yake imeandikwa pembeni, saa iliyolia huko kwenu. Hiyo ilisema saa nne na dakika tisa. Saa ya ukutani hapa ilisema saa nne na dakika ishirini. Dakika kumi na moja, Dada. Kengele ya moyo inatakiwa itufikie kabla mtu hajamaliza kupiga chafya. Nimelifikiria sana, na jibu ninaloliona ni moja tu: saa ya mashine yenu iko nyuma. Saa za vituoni huwekwa kwa mkono, na mikono husahau. Nisaidie. Ubavuni mwa mashine kuna kitufe chenye picha ya saa. Isogeze mbele dakika kumi na moja. Usimtangazie mtu. Ni jambo dogo, na mimi sijathibitishwa kazini bado. Wataamua mwisho wa mwezi.

Uliwahi kuniuliza kazi yangu hasa ni nini, nikasema "mitandao," ukaniambia hilo ni jibu la kumfukuzia mgeni. Basi leo nakujibu sawasawa. Kati ya hospitali kuu na kituo chenu kuna laini moja, nyembamba. Humo hupita kila kitu: simu, majibu ya maabara, picha za mifupa, kengele za mashine, na zile video ambazo karani wenu huangalia mchana akidhani hatuoni. Laini ikijaa, lazima vingine vingoje. Kazi yangu ni kuamua nani angoje. Navipanga kwa madaraja, kila daraja na foleni yake, na foleni ya daraja la kwanza huhudumiwa kabla ya nyingine zote. Ni kama dirisha lenu la dawa, ila huku hakuna anayegombana wala anayesukuma. Kinachongojeshwa hungoja kimya kabisa.

Mkutano wa Mkurugenzi na vituo vyote, kila Jumatano saa nne hadi saa tano, ulikuwa unakwama. Uso wake unaganda kwenye skrini mdomo wazi, watu wanabana vicheko. Mwezi uliopita nikaupandisha daraja la kwanza. Haukwami tena. Amenisifu mbele ya watu, akaniita "yule binti wa nyaya." Kumbe jina la utani mlilonipa nyumbani limenifuata mpaka ofisini.

Baba hapokei simu tangu Jumapili. Niambie kweli. Kwenye simu sisi wawili tunadanganyana vizuri mno, ndiyo maana tuliapa barua ziwe za kweli.

Mdogo wako,
Waya

*

Ijumaa, 5 Juni

Mdogo wangu Waya,

Naandika nimesimama. Breki yuko nje anapiga honi kama amebeba bibi harusi, kumbe ni kisanduku cha chupa za damu na mikojo. Nimemwambia angoje, amesema sampuli hazingoji, karatasi ndizo hungoja. Basi nitafupisha.

Saa nimeisogeza. Ila nikuambie kituko. Saa ya mashine ilikuwa inalingana kabisa na ya ukutani, na ya ukutani inalingana na yangu ya mkononi. Nikajiuliza, kati yangu na Waya nani aliyesomea mambo haya? Nikazisogeza zote tatu. Kumbe kituo kizima tumekuwa nyuma ya dunia bila kujua! Mwenzangu anasema ndiyo maana mishahara hutufikia mwisho. Simu zetu tunaziacha kwenye kabati la getini, kwa hiyo hakuna saa nyingine ya kutubishia.

Huyo wa kitanda cha nne ni mzee mkaidi tu. Anaimba nyimbo za zamani na kukosea maneno, na chai kwake kila siku ni baridi. Moyo wake unaruka mapigo, ila mdomo wake haujaruka hata moja. Usiwe na hofu naye. Tumezima sauti za mashine huku wodini, nilizizima mwenyewe, zilikuwa zinawatisha wagonjwa hawalali. Masikio yetu ni nyinyi huko. Likitokea neno, Mama Skrini atatupigia.

Baba mzima. Simu yake iliingia maji. Shangazi yuko naye nyumbani.

Kula, wewe. Najua huli.

Dada yako

*

Ijumaa, 5 Juni

Shangazi, shikamoo.

Breki atakuachia karatasi hii akipita njia ya kwenu. Baba ameamka vizuri leo. Ni kitanda cha nne, pembeni mwa dirisha, anawaona watu wanaopita na kumtafutia kila mmoja jina. Juzi alivua nyaya zote akaenda kuoga bila ruhusa, akatuletea simu kutoka hospitali kuu.

Waya asijue. Si mimi ninayetaka, ni Baba. Alinishika mkono akasema, "Mtoto akijua ataacha kazi ya watu aje kukaa hapa kunitazama kama runinga." Akikupigia, mwambie simu imeingia maji na Baba ametoka kidogo. Mimi leo nimemwandikia uongo kwenye barua, mara ya kwanza tangu tulipoapiana. Nimeuandika bila kusita hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha.

Lakini usikose usingizi. Baba amefungwa mashine, na mashine inasomwa huko hospitali kuu. Moyo ukienda kombo, wao wanajua kabla yetu sisi tuliosimama naye chumba kimoja. Na unajua anayetunza njia ya hiyo mashine ni nani? Ni Waya wetu. Hajui, ila ndiye anayemlinda baba yake.

Mwanao

*

Jumatatu, 8 Juni

Dada,

Ahsante kwa saa. Nilitaka kuliandika hilo kwenye daftari la mabadiliko, kwa sababu hapa kila kitu kinachoguswa lazima kiandikwe: tarehe, kilichofanyika, sababu, jina. Ni daftari kubwa la jalada gumu, lina harufu ya sigara za fundi aliyekuwepo kabla yangu. Halafu nikakumbuka nilivyokuambia usimtangazie mtu, nikaona haya, nikaanza kufunua kurasa za nyuma kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.

Kuna jambo sikukueleza. Nilipoupandisha mkutano wa Mkurugenzi daraja la kwanza, picha bado iliganda. Nikachunguza, nikakuta yule fundi alikuwa ameliwekea daraja la kwanza kikomo. Liende mbele ya mengine, ndiyo, lakini lisitumie zaidi ya theluthi ya laini, ili yaliyo nyuma yapate pa kupitia. Nikaona ni uchoyo wa kizee. Tarehe 19 Mei nikakiondoa. Mkutano ukanyooka. Sasa tunaona hadi vinyweleo vya pua ya Mkurugenzi.

Leo, kwenye ukurasa wa miaka minne iliyopita, nimekuta mwandiko wake kwa kalamu nyekundu:

*Kikomo cha daraja la kwanza kisiondolewe. Nilishakiondoa mara moja.*

Basi. Hakuna sababu. Mtu huyu aliandika sababu ya kila kitu, Dada, hata ya kubadilisha betri ya saa ya ukutani. Hapa tu ndipo hakusema.

Nilimuuliza Mkuu wa Kitengo. Alikuwa anamenya chungwa, hakuinua uso. "Mzee yule alikuwa na woga wake," akasema. "Alistaafu kabla ya wakati. Ukimsikiliza yeye, hata taa usingewasha."

"Lakini kwa nini aandike kwa nyekundu?"

"Labda ya buluu iliisha, binti."

Nimecheka kwa adabu. Lakini nimerudi mezani kwangu na nimekisoma kile kisentensi mara nyingi, kwa sauti ya chini, na kila mara kinaniishia mdomoni kabla ya wakati.

Mzee wako wa kitanda cha nne anaimba nyimbo gani? Baba naye hukosea maneno. Nimempigia tena. Shangazi amepokea ya kwake, akasema Baba ametoka kidogo. Tangu lini Baba akatoka asubuhi kabla ya kugombana na redio?

Waya

*

Jumatano, 10 Juni

Waya,

Najua barua hii haiondoki mpaka Breki apite Ijumaa. Naiandika sasa kwa sababu siwezi kukaa bure.

Leo asubuhi kitanda cha nne moyo ulimsimama.

Daktari wa kituo alikuwa kwenye mkutano wenu, mlango umefungwa, kamera inamwangalia. Mwenzangu alikuwa stoo. Mimi nilikuwa namfunga mtoto wa watu jeraha chumba cha pili. Aliyegundua ni mama wa usafi. Alikuwa anapiga deki, akaona mkono unaning'inia nje ya kitanda na vidole vimefunguka. Aliniita kwa jina, bila cheo, miaka yote hajawahi. Nikakimbia. Saa yangu ilisema saa nne na dakika ishirini na tatu, na mashine ilikuwa imeandika saa nne na ishirini na mbili, inawaka nyekundu bila sauti, vile nilivyoifanya mwenyewe. Nikapanda kitandani kwa magoti. Sijui nilimkandamiza kifua mara ngapi. Nilisikia mbavu. Nilikuwa namtukana, Waya, matusi ambayo sijawahi kumwambia mtu mzima.

Akarudi.

Nikakaa sakafuni kwenye maji ya deki. Ndipo simu ikalia. Mama Skrini, sauti imetulia kama mtu anayeagiza chai: "Kituo cha mlimani, kitanda cha nne, kengele inalia."

Nikamwambia, "Inalia lini?"

"Sasa hivi, sista. Saa nne na ishirini na tatu."

Saa yangu ilikuwa saa nne na thelathini na nne. Na jana mlinzi wa getini alinicheka, akasema siku hizi natoroka kazini mapema. Saa zimekataa kulingana na sina akili ya kuzifikiria. Nakuuliza jambo moja tu. Nyinyi ndio masikio yetu. Mlikuwa wapi?

Ningekupigia simu. Lakini nikisikia sauti yako nitasema nisichotakiwa kusema.

Dada

*

Alhamisi, 11 Juni

Dada,

Barua hii naikabidhi kwa Breki mkononi kesho alfajiri. Nimemwomba aitangulize kabla ya sampuli. Amekataa. Anasema kila mtu hubandika "haraka" kwenye bahasha yake, ndiyo maana yeye hasomi tena bahasha. Basi ifungue mara utakapoipata, na ufanye ninayokuambia kabla ya kunijibu.

Jana kengele ya kitanda cha nne ililia tena. Nilikuwa mlangoni mwa chumba cha skrini. Niliikimbilia saa: imeandikwa nne na ishirini na mbili, imefika nne na ishirini na tatu. Zimelingana! Mama Skrini akapiga simu, akaniambia, "Wanasema mgonjwa ameshahudumiwa." Nikafikiri, wepesi ulioje. Nilifurahi. Nilikwenda nikanywa soda nikiwa nimesimama, kama mtu aliyefaulu mtihani.

Leo, Alhamisi, saa nne na ishirini, kengele ya kitanda cha nne imelia. Ni waya mmoja tu uliochomoka, amesema mwenzako. Saa iliyoandikwa pembeni ilikuwa saa nne na dakika thelathini na moja.

Mama Skrini akacheka. "Kituo chenu siku hizi kinatabiri! Kengele inakuja kabla ya kulia."

Sikucheka. Dada, saa yenu haikuwa nyuma. Saa yenu ilikuwa sahihi, na yako, na ya ukutani. Mimi ndiye niliyewafanya muwe mbele. Leo kengele imefika papo hapo, na kwa sababu saa yenu inadanganya, imeonekana imetoka kesho. Jumatano ile ya kwanza ilichelewa kweli, dakika kumi na moja. Na jana imechelewa kweli, dakika kumi na mbili, na uongo niliokuagiza ukaufunika ucheleweshaji vizuri kabisa, mpaka nikanywa soda.

Sasa najua ni kwa nini hutokea Jumatano tu. Mkutano unapoanza, kamera ya kituo chenu inamwaga picha kwenye laini, na picha ziko daraja la kwanza, bila kikomo. Zinajaza laini yote. Simu hupenya kwa kuwa nazo ni daraja la kwanza, lakini kengele ziko daraja la tatu, pamoja na majibu ya maabara. Mashine huishika kengele, hujaribu kuituma, hukosa nafasi, hungoja kidogo, hujaribu tena, kila mara ikingoja zaidi. Hakuna kilichoharibika. Kila kitu kinanitii.

Nimekwenda kwa Mkuu wa Kitengo. Nimemwambia nataka kurudisha kikomo leo hii. Akaniambia nifunge mlango.

"Jumatano ijayo wajumbe wa bodi watakaa kwenye mkutano ule. Mabadiliko yamefungwa mpaka upite. Uso wa Mkurugenzi ukiganda mbele ya bodi, mimi na wewe tutagandishwa naye. Na wewe hata hujathibitishwa."

"Ni kengele za wagonjwa, bosi."

"Mgonjwa gani amekufa? Nitajie jina."

Sikuwa na jina. Nilikuwa na mzee anayeimba bafuni. Nikasimama pale naangalia maganda ya chungwa kwenye kopo lake, nikasikia mdomo wangu ukisema, "Sawa, nitangoja Jumatano ipite."

Kwa hiyo rudisha saa zote tatu nyuma. Washa sauti za mashine, hata wagonjwa wakipiga kelele. Na Jumatano saa nne mpaka saa tano usiondoke pembeni mwa kitanda cha nne. Ni siku sita tu.

Waya

*

Ijumaa, 12 Juni

Waya,

Breki ameweka barua yako mkononi mwangu sasa hivi na nimemshikia funguo za gari mpaka nimalize. Utapata bahasha mbili. Hii isome kwanza.

Mzee wa kitanda cha nne ni Baba.

Yuko hapa tangu tarehe 31 Mei. Yeye ndiye aliyekataza usiambiwe. Aliyekuwa akiimba bafuni ni Baba. Niliyemkalia kifuani juzi ni Baba. Yuko hai, anapumua, mbavu mbili zimevunjika kwa mikono yangu, na asubuhi ameuliza kama yule binti wa nyaya anakula. Nisamehe. Au usinisamehe, lakini baadaye.

Sauti nimeziwasha. Saa nimezirudisha.

Sasa nisikilize, mimi ni dada yako. Usiseme kwa mtu. Nani alizima sauti? Mimi. Nani alisogeza saa za kituo kizima kwa sababu mdogo wake kamwandikia? Mimi. Wakianza kuuliza, nitavuliwa sare hii, na wewe hutathibitishwa, na Baba atauguzwa na nani? Rekebisha kimya kimya, mdogo wangu, kwa njia zako. Mtu hajafa. Tumshukuru Mungu, tunyamaze.

Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu.

Dada

*

Jumanne, 16 Juni

Dada,

Bahasha zako zilinifikia Ijumaa saa tisa alasiri. Nilisoma uliyosema niisome kwanza, nikiwa bado kwenye maegesho, Breki akishusha kisanduku chake. Ile ya pili niliisoma jana. Kabla ya hapo sikuweza kuifungua.

Kutoka maegesho hadi mezani kwangu ni hatua kama arobaini. Nilirudisha kikomo saa tisa na dakika kumi na mbili. Nikazitoa kengele daraja la tatu nikazipandisha la kwanza. Nikaushusha mkutano wa Mkurugenzi daraja la pili, akapata fungu lake kama wengine. Sikuomba ruhusa. Kesho wajumbe wa bodi wakimwona mdomo wazi, watamwona. Halafu nikapiga simu ya wodi yenu. Ulikuwa umetoka. Mwenzako akamsogezea Baba simu.

"Nani kakwambia?" Hakusema hata haloo.

"Baba, mbona hukusema?"

"Niseme nini? Moyo umechoka kidogo, na mimi nimeuchosha miaka sabini. Wewe kazi inaendaje?"

"Vizuri, Baba."

"Dada yako ana mikono mizito, ukija umwambie. Na chai ya hapa ni baridi."

Nikamwambia ndiyo, ni baridi, nimeshasikia. Nilikata simu kabla sijamwambia ni nani aliyemsimamisha kwenye foleni.

Nataka ujue kitu ambacho sijamwambia mtu. Alhamisi nilikubali kungoja siku sita. Nilijua kila kitu Alhamisi: nilijua kengele zinachelewa, nilijua kwa nini, nilijua nilichofanya. Nikasema sawa. Alikuwa mzee wa kitanda cha nne tu. Ijumaa akawa Baba, na sikungoja hata nifike kukaa kwenye kiti. Nimelitazama hilo kwa siku nne, kutoka kila upande. Ndivyo nilivyompanga yeye, na ndivyo nilivyowapanga wengine wote.

Kwa hiyo jana nilifungua kumbukumbu zote tangu 19 Mei, vituo vyote, Jumatano nne. Kengele thelathini na moja zilichelewa. Nyingi ni nyaya zilizochomoka, watu waliokwenda bafuni. Moja si hivyo. Kituo cha ng'ambo ya mto, kitanda cha pili, tarehe 27 Mei: imelia saa nne na dakika kumi na nne, imefika saa nne na ishirini na tatu. Baada ya hapo mashine ile haikutuma kitu tena siku nzima.

Jana hiyohiyo alasiri nilimkuta Breki kwenye maegesho anaosha gari, nikamuuliza kama anakumbuka kitu kuhusu kitanda hicho.

"Kitanda cha pili? Yule mama mpishi wa shule," akasema. "Alifariki Jumatano ile. Nilibeba karatasi zake Ijumaa. Walisema moyo ulichoka tu." Kisha akanitazama. "Kwani vipi?"

Mkuu wa Kitengo alitaka jina. Sasa ninalo, ingawa kwenye karatasi hii sitaliandika, si letu la kulipitisha kwenye kisanduku cha sampuli.

Nilimpelekea jana jioni, pamoja na ukurasa niliokwisha kuandika. Aliusoma wote. Hakunikaripia, na hilo lilinitia hofu zaidi. Alisema taratibu, kama anayenisaidia, "Kikomo kibaki. Umefanya vizuri. Lakini ukurasa huu ung'oe, binti. Andika kwamba kisiondolewe. Kwa nini, haina haja."

Nikarudi mezani nikafungua ule ukurasa wa miaka minne iliyopita. Nikapitisha kidole kwenye mshono wa daftari, nyuma ya mwandiko mwekundu. Kuna kijipande cha karatasi kilichobaki kwenye uzi, chembamba kama ukucha. Yule fundi aliandika sababu, Dada. Ukurasa mzima, labda mbili. Halafu mtu alimwambia taratibu, naye akang'oa. Na mimi nikaja, na sikukuta kitu cha kunizuia ila sentensi moja isiyo na maelezo. Mama yule mpishi naye hakukuta kitu cha kumkinga.

Uliniomba, na ni kweli hujawahi kuniomba. Nimeandika kwamba saa za kituo cha mlimani zilisogezwa kwa maelekezo yangu, maana ndivyo ilivyokuwa. Nimeandika kwamba kikomo kilitolewa na mimi, na kwamba Alhamisi nilijua na nikakubali kungoja. Nilipofika kwenye sauti za mashine nilikaa na kalamu mpaka wino ukaweka doa. Halafu nikaandika: zilizimwa na muuguzi wa wodi. Watakuuliza. Waambie kwa nini ulizizima, na waambie pia nani aliyekimbia, na mbavu ni za nani.

Daftari lote, si nakala, nililikabidhi kwa kamati ya usalama wa wagonjwa leo saa mbili asubuhi. Karani wao amenipa karatasi yenye sahihi na muhuri. Breki aliondoka saa tatu. Nilimtazama akitoka getini na barua hii ilikuwa mfukoni mwangu, kurasa hizi za mwanzo zimeshaandikwa. Itakuja Ijumaa, baada ya sampuli.

Ningeweza kukupigia jana. Ungelia, nami ningekusikia ukilia, na yule mama angerudishwa nyuma tena ampishe mtu wa kwetu. Kwa hiyo nikachagua foleni ndefu. Utakaposoma hapa, kamati itakuwa imeshalisoma daftari.

Mdogo wako,
Waya